Sinema Yashuka kwa Ungo: Ufunguo Ana Nani?

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja wa Kibokoni, mtoto wa rafiki yangu wa tangu chuoni, na bahasha ya kaki kwapani. Baada ya kusalimiana na kuulizana hali za nyumbani, alizitoa karatasi zilizokuwamo, kurasa kumi na nne, akaniambia: "Ami, nakuomba unisomee hizi kabla sijatia sahihi. Mimi nimezisoma mara tatu, na kila nikizisoma nazidi kuzipenda, na hilo ndilo linitialo wasiwasi."

Karatasi zenyewe zilikuwa mkataba. Yeye na wenziwe wawili wamekusudia kufungua majumba madogo matatu ya sinema, moja hapa Mombasa, moja Malindi na moja Lamu, viti mia na kitu kila moja. Kampuni moja ya ng'ambo, ambayo jina lake silitaji, imewaahidi kuwaletea mitambo yote ya kuonyeshea pamoja na ungo wa kuweka darini, na filamu zitakuwa zikishuka zenyewe kutoka kwenye setilaiti. Wao hawatatoa hata senti ya kuanzia. Mkataba ni wa miaka kumi.

Msomaji ataniwia radhi nikirudi nyuma kidogo, kwani jambo hili halifahamiki vyema ila kwa kukumbuka tulikotoka. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya sabini tulilelewa na watu watatu: mzazi, maalimu wa chuoni na mwonyeshaji sinema. Huyo wa tatu hatukumwona uso. Alikuwa kule juu nyuma yetu, ndani ya kijumba chenye tundu la mwanga, na Idd ikifika zile senti za mkono wa Idd zilikuwa na njia moja tu, nayo ni ya kuelekea Regal, Majestic au Naaz.

Nakumbuka Idd pili moja ya miaka ya themanini. Nakala ya filamu ilikuwa moja na majumba mawili yalikuwa yakigawana, huku wakitangulia kuanza na kule wakifuata, na mtu wa baiskeli akikimbia na mikebe ya bati kati ya jumba na jumba. Mkebe wa mwisho haukufika. Tulikaa gizani tukipiga miluzi mpaka taa zikawashwa, tukaambiwa baiskeli imepasuka gurudumu. Basi kina mama waliokuwa wamekaa upande wao wakaanza kubuni wenyewe mwisho wa hadithi, huyu akimwoza binti, yule akimfufua ndugu aliyepotea, na wallahi miisho yao ilikuwa mizuri kuliko ule wa kweli niliokuja kuuona mwaka mmoja baadaye.

Hivyo ndivyo filamu ilivyosafiri: kwa mgongo wa mtu. Mkanda wa milimita 35 wa futi 2,000 hauzidi dakika 22 hivi, kwa hivyo filamu ya Kihindi ya saa tatu ilihitaji mikanda minane au tisa, mzigo wa hamali kwa hakika. Nakala ilikuwa ghali, kwa hivyo zilichapishwa chache. Ilianza miji mikubwa, ikateremka ya kati, na ilipofika miji midogo ilikuwa imekwaruzwa hata mvua yanyesha juu ya kioo hali wahusika wamo nyumbani. Bombay walikuwa wameshaisahau nyimbo yake ndipo sisi twaanza kuiimba.

Mambo yakabadilika. Mwaka 2002 makampuni saba makubwa ya filamu ya Marekani yaliunda chombo cha pamoja, na mwezi wa Julai 2005 chombo hicho kikatoa kanuni za sinema ya kidijitali. Kwa kanuni hizo filamu si mkanda tena, ni furushi la tarakimu. Picha inaruhusiwa kufikia megabiti 250 kwa kila sekunde na isizidi hapo. Fanya hesabu, msomaji: filamu ya saa mbili kwa kiwango hicho cha juu ni gigabaiti 225, nayo huingia katika diski unayoweza kuitia ndani ya kikapu cha sokoni. Majumba mengi duniani yamekuwa yakiletewa diski hizo kwa motokaa na ndege, kama zilivyoletwa zile bati za zamani, ila uzito umepungua.

Hapo ndipo lilipoingia wazo la setilaiti. Kama mechi ya mpira yaweza kushuka kwa ungo hadi kibanda cha Kisauni, filamu ishindwe na nini?

Wala sisi wa Pwani si wageni wa mambo haya. Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, chombo kilirushwa angani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kilikuwa cha kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, nacho kikapewa jina letu la Kiswahili, Uhuru. Nakitaja kwa sababu nimechoka kusikia vijana wakisema kwamba vitu vya angani ni vya watu wengine.

Kijana wangu alidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba filamu itashuka papo hapo watu wakitazama, mithili ya mpira. Sivyo. Filamu hurushwa kabla ya siku yake, aghalabu usiku, mara moja kwa majumba yote, na kila jumba hupokea na kuhifadhi kidogo kidogo. Kwa njia ya megabiti 40 kwa sekunde, ile filamu yetu ya gigabaiti 225 ingechukua saa kumi na mbili na nusu kushuka. Furushi likishatimia, mtambo hulihesabu vipande vyake kama mwenye duka ahesabuvyo magunia, na kipande kilichopotea njiani huombwa tena. Mvua nzito huweza kupoteza vipande vingi, na ya masika yetu mwaijua.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba mrushaji hulipa mrusho mmoja. Wakipokea kumi gharama ni ile ile, na wakipokea elfu gharama ni ile ile. Diski sivyo, kila jumba lataka yake na nauli yake. Ukilishika jambo hili moja utaelewa kwa nini setilaiti ilifaa kwingine, na kwa nini mimi nilianza kukunja uso niliposoma neno "majumba matatu".

Na ungo wenyewe? Setilaiti za utangazaji hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya mstari wa ikweta. Aliye London ungo wake huelekea kusini ukiwa umeinama, lakini sisi tulio jirani na ikweta twatazamana na baadhi yake karibu utosini, ndiyo maana ungo nyingi za hapa zimekaa chali juu ya dari, zikakinga maji ya mvua na kuwa birika la kunguru. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alitueleza kwamba wachawi husafiri kwa ungo usiku. Sijui angesema nini lau angeambiwa kwamba siku hizi ungo watulia na wanaosafiri ni Shah Rukh Khan na wenziwe.

Sasa tuje kwenye ufunguo, kwani hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Filamu ikishuka huwa imefungwa. Yeyote aweza kuinasa, lakini atakachoona ni vurugu la tarakimu. Ili ifunguke jumba hupelekewa ufunguo, ambao nao ni tarakimu, na huja kwa njia yake mbali na filamu. Kila mwenye dekoda nyumbani alifahamu jambo la namna hii siku kadi yake ilipokwisha fedha. Lakini ufunguo wa sinema ni mkali zaidi. Umekatwa kwa mtambo mmoja tu, hata ukiupeleka mtambo wa chumba cha pili cha jumba lilo hilo haufungui. Mtambo ukiharibika ukaletwa mwingine, sharti ukatwe ufunguo mwingine. Una saa ya kuanza na saa ya kwisha, na usidhani utarudisha saa nyuma ukamdanganya: kwa zile kanuni za Marekani, saa ya mtambo hairuhusiwi kusogezwa zaidi ya dakika sita kwa mwaka.

Simlaumu aliyebuni. Amehofia wizi, na wizi upo. Lakini tazama jinsi mwonyeshaji wetu wa zamani alivyogeuka. Yule alikuwa na mkanda mkononi. Akiupenda aliurudia, ukikatika aliuunga kwa gundi, na stima ikipotea alingoja irudi akaendelea hata saa sita za usiku. Huyu wa leo ana filamu nzima ndani ya nyumba yake na hawezi kuigusa saa ya mwenye ufunguo ikipita.

Walioyaona haya kwa upana ni Wahindi, na kwa kuwa filamu zao ndizo tulizokulia, nikamweleza kijana habari zao.

Kampuni ya UFO Moviez ya Mumbai ilianza kusambaza filamu kwa setilaiti mwaka 2005. Haikufuata kanuni za Marekani. Iliibana filamu zaidi, furushi likawa dogo, mitambo ikawa rahisi, ubora wa picha ukapungua kwa vipimo vya mafundi. Lakini mtu wa mji mdogo wa mashambani, aliyezoea kungoja wiki na miezi kuletewa nakala mbovu, ghafla akawa aiona filamu Ijumaa ile ile aionayo mtu wa Mumbai, tena safi haina mkwaruzo. Kwa miaka michache maelfu ya majumba yalitiwa ungo au mitambo ya kidijitali, na kampuni ya pili kubwa, Qube ya Chennai, ilikuwa nayo mbioni. Bajrangi Bhaijaan ilipotoka Ijumaa tarehe 17 Julai 2015, siku moja kabla ya Idd ya kule, hapakuwa tena na mji wa kwanza na mji wa mwisho. Mimi nahesabu hilo kuwa ni haki iliyotendeka. Mwenye kudharau furaha ya kuona filamu ya Idd siku ya Idd hakupata kukaa gizani akingoja mkebe wa baiskeli.

Walakini mitambo ile ilinunuliwa na nani? Majumba mengi hayakuwa na fedha. Kampuni za mitambo ziliweka vifaa kwa kukodisha, kisha zikamtoza mtayarishaji wa filamu ada kwa kila jumba aonyeshapo, kwa hoja kwamba ameokoa gharama ya kuchapisha nakala. Hoja ilikuwa ya haki mwanzoni. Shida ni kwamba miaka ilipita na ada haikuondoka. Watayarishaji wakauliza: mitambo hii haijalipika tu mpaka leo? Tarehe 1 Machi 2018 watayarishaji wa kusini mwa India waligoma kutoa filamu mpya kwa ajili ya ada hiyo. Wa lugha nyingine walirudi upesi, ila wale wa Kitamil walishikilia karibu wiki saba. Fikiria Chennai, mji ulao na kunywa sinema, wiki saba bila filamu mpya ya Kitamil!

Na mwezi wa Aprili 2025 Tume ya Ushindani ya India ikazitoza faini UFO Moviez na Qube zote mbili. Kosa lililoonekana ni kwamba mikataba yao ya kukodisha mitambo iliwazuia wenye majumba kupokea filamu kutoka kwa wasambazaji wengine. Mwenye kukukodisha jiko amekuchagulia na mchuzi.

Marekani walikwenda njia nyingine. Mwaka 2013 makampuni matatu ya majumba, yaani AMC, Regal na Cinemark, yaliungana na mawili ya filamu, Warner Bros. na Universal, wakaanzisha mtandao wao wa setilaiti wa kusambaza filamu. Sisemi kwamba hao ni watu wema. Ni matajiri waliopiga hesabu. Lakini angalia kwamba wenye majumba walikaa ndani ya shirika lenyewe, wakawa na sauti juu ya ungo waliouweka darini. Kule India mwenye ungo alikuwa mtu wa tatu, si mtengenezaji wala mwonyeshaji, na ndiye waliyekuja kuteta naye wote wawili.

Nilipomaliza kumweleza, kijana alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kwa hivyo Ami waniambia nisitie sahihi?"

Nikamwambia, "La, mwanangu. Nakwambia tusome kifungu cha tisa pamoja."

Kifungu cha tisa chasema kwamba mtambo ni mali ya kampuni kwa muda wote wa mkataba na baada yake, na kwamba haitaingizwa ndani yake filamu, tangazo wala picha yoyote isipokuwa iliyotumwa na kampuni au iliyopata idhini yake kwa maandishi. Mistari minne tu, kwa herufi ndogo kuliko za vifungu vingine, au labda ni macho yangu.

Hapo nikamuuliza ni filamu gani alizokusudia kuonyesha. Akanitajia za Mumbai na za Marekani, kisha uso ukamng'aa akanieleza habari za vijana wenziwe waliopiga filamu kwa Kiswahili cha Lamu, na mwingine aliyefuata mafundi wa majahazi miezi minane na kamera yake. Alikuwa amewaahidi kila Alkhamisi usiku. Nikamwonyesha kifungu kwa kidole. Wale wa Lamu watakuja na filamu yao mkononi, mlango wa jumba utakuwa wazi, viti vitakuwapo, na mtambo utawakatalia mpaka ofisi ya mji wa mbali, isiyojua Lamu iko wapi wala Kiamu ni nini, itakapojibu barua. Vijana wa siku hizi wana kamera bora kuliko waliyokuwa nayo wakubwa wa Bombay nilipokuwa mtoto. Wanachokosa ni ukuta mkubwa wa kuonyeshea, na huo ndio unaotiwa kufuli hapa.

Kisha tukarudi kwenye lile jambo la majumba matatu. Setilaiti huleta faida wapokeaji wakiwa wengi na wametawanyika pasipo njia nyingine. Sisi ni watatu. Na njia nyingine tunayo tena mlangoni, kwani nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, na waya ulioleta intaneti waweza kuleta filamu. Hata pasipo waya, diski ikipakiwa basi la Lamu asubuhi hufika Mokowe siku ile ile, ikavuka kwa boti na abiria. Sasa ungo ni wa nini? Naona wenye kampuni walishapata jibu: ungo wao, na mtambo ulioshikamana nao, ndio sababu ya kifungu cha tisa kuwapo. Asiyepokea kwao hawana la kumfungia.

Kijana, ambaye ana akili kuniliko katika mambo haya, alinipinga. Alisema wakikataa mitambo ya mkopo watalazimika kununua, na mtambo mmoja wa kanuni zile za Marekani ni fedha za kuuza shamba. Bila mtambo huo makampuni makubwa hayampi mtu ufunguo wa filamu zao. "Ami, nikiwa huru bila filamu ya Idd, nani atakuja?" Swali hili lilinikata maneno, nakiri. Vibanda vyetu vya video vimeishi miaka mingi kwa uhuru wa namna hiyo, na sote twajua filamu zao zatoka wapi.

Basi tulikaa tangu baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi tukiandika kwa penseli pembeni mwa karatasi. Hatukukifuta kifungu, tulikipunguza. Mtambo ubaki mali ya kampuni maadamu haujalipika, lakini hesabu ya malipo iwekwe wazi kila mwaka, na ukishalipika uwe wa wenye majumba. Filamu zilizofungwa na kampuni ziwe na ufunguo wa kampuni, hilo ni halali yao. Filamu isiyofungwa, ya mtu aliyeitengeneza mwenyewe na kuileta mwenyewe, iingie pasipo idhini ya yeyote siku nne kwa wiki. Jumba la Lamu liruhusiwe kupokea kwa diski ungo ukishindwa, na stima ikikatika usiku wa mwisho wa ufunguo, saa ziongezwe bila malipo. Kijana akatia la kwake: maswali ya ufunguo yajibiwe na mtu, kwa simu, hata Ijumaa usiku. Amewahi kupigia simu watu wa dekoda Ijumaa usiku.

Juzi amekuja tena na bahasha yake. Kampuni imejibu kwa adabu. Imekubali habari ya stima, imekubali diski ya Lamu, imekubali hata mtu wa kupokea simu. Juu ya hesabu ya kila mwaka imesema italitazama. Juu ya filamu isiyofungwa imeuliza zitakuwa ngapi kwa mwaka na ni za nani.

Kijana amekwenda Lamu na daftari kuwauliza wenziwe wana filamu ngapi.